Akiba nayo huoza: jibu kwa mama wa Sakina

Swali: "Shikamoo mama. Ninaishi Sakina, Arusha, na mume wangu na watoto wawili. Nyumba ni ya kupanga, vyumba vitatu na sebule, kodi 300,000 kwa mwezi, lakini chumba kimoja kimegeuka stoo, hata mlango haufunguki vizuri. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukiwa juu tunanunua, ukishuka tunakopa. Nimekulia Machame, tulikuwa watoto sita na kabati moja, na sikumbuki kuona nyumba yetu imejaa. Siku hizi nikitafuta mkasi siupati, nakwenda kununua mwingine. Mume wangu hataki vitu vyake viguswe, kuna TV ya chogo tangu tulipooana. Pia nina sanduku la marehemu mama yangu, sijalifungua tangu tumzike. Nianzie wapi? Na je, nikiwalea wanangu kama tulivyolelewa sisi nitakuwa nakosea?"

Marahaba, mwanangu.

Stoo yako naijua ingawa sijaingia. Mtu anapita kwa ubavu. Kushoto kuna godoro limeegemezwa ukutani, limepinda katikati kama mzee anayesinzia. Chini kuna kapeti iliyoviringishwa, ndoo za rangi zisizo na mifuniko, feni isiyozunguka, na kitanda cha mtoto kilichofunguliwa, skrubu zake hazijulikani zilipo. Juu yake kuna maboksi, na ndani ya maboksi kuna hotpoti za kicheni pati. Nimefundisha sayansikimu miaka 31, na tangu nistaafu watu wa hapa Moshi huniita nikawasaidie kupanga nyumba zao. Mpaka leo sijaingia kwa mama mwenye ndoa ya miaka kumi na tano au ishirini nikakosa hotpoti ambayo haijawahi kubeba wali.

Tupige hesabu kwanza, ya moyoni tutayafikia. Unalipa 300,000 kwa nafasi nne, yaani vyumba vitatu na sebule. Chumba kimoja ni 75,000 kwa mwezi, 900,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo kodi ya godoro na feni. Utaniambia mwenye nyumba hawezi kunipunguzia robo nikimrudishia chumba, na ni kweli. Lakini unaweza kuhamia nyumba ya vyumba viwili, au watoto wakaacha kubanana. Mama mmoja wa Pasua nilimpigia hesabu hii hii sebuleni kwake. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe feni ni mpangaji mwenzetu."

Sasa hilo la Machame. Mimi ni wa Marangu, na mimi pia sikumbuki nyumba yetu kujaa. Ila sababu si ile tunayopenda kuwahubiria watoto, kwamba sisi tulikuwa watu wa kuridhika. Tungepata, tungejaza. Sababu ni kwamba kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, kila kitu kilikuwa na pa kwenda.

Chukua ndizi tu. Mama anamenya mshare wa mtori, maganda yanakwenda bandani kwa ng'ombe. Ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi mgombani. Mkungu ukishakatwa, shina linakatwakatwa analishwa ng'ombe yule yule. Majani mabichi yanafunikia chungu, makavu yanafungia mzigo wa sokoni. Karatasi iliyofungia sukari inawashia moto, na majivu yanasugulia sufuria. Gauni la dada linakuwa langu, kisha la mdogo wangu, kisha tambara la kudekia, mwisho utambi wa koroboi, likaishia kuungua taratibu tukilisomea. Kwetu hakukuwa na jalala. Neno lenyewe nimelijua nilipokuja mjini kusoma.

Na gauni lenyewe lilikuwa na maisha marefu kabla ya kufika kwenye koroboi. La Krismasi lilishonwa la kukulia, fundi akaambiwa aache pindo la vidole vinne. Kila Desemba mama alifumua kidogo, akashona tena. Kile kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani hakikupigwa jua, kwa hiyo kilipoteremshwa kilibaki na mstari wa rangi iliyokolea. Ukitaka kujua gauni lina Krismasi ngapi, unahesabu mistari. Langu la bluu lilikuwa na mitatu nilipomwachia mdogo wangu.

Sasa lilete gauni hilo Sakina. Huna banda, huna mgomba, huna koroboi. Ganda la ndizi linasubiri gari la taka, tambara la kudekia linanunuliwa dukani. Kitu kikimaliza kazi hakina mlango wa kutokea. Kinasogezwa stoo, na mlango wa kuingilia uko wazi mwaka mzima.

Juu ya hapo kuna hofu tuliyorithi. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983, na katikati hapo tukapigana vita ya Kagera, 1978 na 1979. Wewe hukuwa umezaliwa. Sukari ilikuwa ya mgao. Kwenye foleni ya duka la ushirika ulikuwa unaweka jiwe likushikie nafasi, urudi nyumbani kunyonyesha. Tulifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mwenye ndugu Rombo, kule mpakani, ndiye aliyepata mche wa sabuni, umepita porini usiku kutoka ng'ambo. Mama aliyepita miaka ile hatupi kopo, hatupi kamba, hatupi kifungo. Alikuwa sahihi kabisa, maana kesho dukani hakuna. Wewe umeirithi mikono ile, lakini duka lako limejaa, na simu yako inakuletea mzigo mpaka getini. Tunatunza kama watu ambao mpaka umefungwa na tunanunua kama watu ambao umefunguliwa. Hapo lazima stoo ijae.

Akiba haiozi, walisema wazee. Huoza. Njoo huku kwetu mwezi wa Aprili, masika yamekolea, ufungue boksi la viatu vya kutokea ulivyovitunza. Utakuta ukungu wa kijani, na ukivivaa soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Mpira wa chupa ya chai unapasuka bila kutumika. Boksi la karatasi ni nyumba ya mende. Dawa ya kikohozi ya mtoto iliyobaki nusu chupa inageuka kitu kingine, na siku moja usiku, umeme umekatika, utaipapasa na kumnywesha.

Kwa hiyo uliponiuliza uanzie wapi: anza na dawa. Sisemi utani. Kabati la dawa, kisha kabati la vyakula, kisha lile droo la mifuko. Hayo hayana machozi, na ndani ya asubuhi moja utakuwa umeona sehemu tupu, jambo linalotia nguvu kuliko ushauri wangu wote. Angalia tarehe ya kila dawa. Iliyopita muda usiimwage chooni wala usiiachie watoto wachezee chupa. Muulize mfamasia wa jirani kama wanapokea. Kwenye droo la mifuko utacheka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba imejaza mifuko mbadala, ile tuliyoambiwa tununue mmoja tuutumie mara nyingi. Tunaisahau nyumbani, tunanunua mwingine sokoni. Mimi nilihesabu yangu nikakuta 43, mwanamke niishiye peke yangu.

Stoo yenyewe ifanye Jumamosi ya jua. Tandika turubai uani, toa kila kitu nje, kila kitu, mpaka uone sakafu. Usichambue ukiwa ndani, maana ndani kitu kinajificha nyuma ya kingine na wewe unachoka. Nje juani hakuna pa kujificha. Halafu shika kimoja kimoja, ukijiuliza: kazi yake ijayo ni lini? Nataka tarehe au mwezi. "Siku moja" si tarehe.

Swali hili nimejifunza kwa kuumia. Nilipostaafu nilishikwa na homa ya kusafisha, nikamwita mnunuzi wa skrepa, nikamuuzia pasi ya mkaa, vyuma vya kitanda na sufuria kubwa mbili ambazo nilikuwa sijazigusa miezi kumi na moja. Nilijiona shujaa. Mwezi wa kumi na mbili ukafika, ndugu wakapanda kutoka Dar na Mwanza kama ilivyo ada yetu, watu ishirini na saba, machalari ya ndizi na nyama yanatakiwa. Nikaenda kukodi sufuria kwa wanaokodisha vyombo vya sherehe, na kwa siku tatu nililipa zaidi ya nilichopewa kwa zile mbili. Wifi yangu bado ananikumbusha. Sufuria ile ilikuwa na tarehe, Desemba 24, ila mimi sikuuliza. Wale wanaokwambia toa kila ambacho hujakigusa miezi sita hawajawahi kulisha ukoo.

Kisha kila kisicho na tarehe kipe pa kwenda, siku hiyo hiyo. Kilichotengwa kikilala ndani wiki moja kitarudi kabatini kwa miguu yake.

Skrepa usimuuzie kwa kukisia kwa macho. Tenga mwenyewe: sufuria chakavu ni aluminiamu, nyaya zina shaba, na vyote viwili vina bei kuliko chuma cha kawaida. Ukimpa vimechanganywa atavipima vyote kwa bei ya chuma. Feni mpelekee fundi wa umeme. Kama ni kapasita tu imekufa, itafufuka kwa hela kidogo, na kama ni mota imeungua mwachie avue shaba. Wapo pia wanaopita mitaani na vyombo kichwani, unawapa nguo za zamani wanakupa beseni. Hao nawapenda, lakini kumbuka umetoa nguo na umeingiza beseni, na beseni ulikuwa nazo sita.

Nguo za kupeleka nyumbani Machame, hapo nina neno. Tumezoea kufunga salfeti la vitu tulivyovichoka tukaliita zawadi. Huko hakuna jalala, nimekwambia, na kaptura ya nailoni haiwi utambi wala ng'ombe haili. Kama nguo huwezi kumkabidhi jirani yako mkitazamana usoni, usimpelekee shangazi. Iliyochoka ikate matambara, weka matano, nyingine ikubali kwamba ni taka. Zilizo nzima, hasa sare za shule na masweta, hizo wape mapema, Desemba kabla shule hazijafunguliwa, zina thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Umefunga mlango wa kutokea? Hapana, umeufungua. Sasa tazama wa kuingilia. Nadhani kwako mitumba si tatizo kubwa kama sare. Hesabu vitenge vya sare vilivyomo kabatini: sendi-ofu ya binti wa shangazi, harusi ya mwenzako wa kikoba, kipaimara, msiba wa mwaka. Kila kimoja kimevaliwa siku moja, na kila kimoja kimelipiwa fundi. Toa mchango wako, fika mapema, saidia kupika, lakini sema waziwazi kwamba sare hutavaa. Mara ya kwanza watakununia. Mimi wameshazoea. Na vile vilivyopo, vitano mpe fundi akutengenezee foronya na mapazia ya jikoni. Ni kitambaa kizuri, kinanyanyaswa bure.

Kuhusu msimu, hapo ndipo pesa yenu inapovuja. Wageni wakijaa, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena mwisho wa mwaka, mumeo, mkwe wangu, anarudi na bahshishi na ninyi mnaigeuza kuwa sofa. Aprili mvua inanyesha, magari yamelala, na sofa halichemki. Igeuzeni kuwa chakula na kodi. Mahindi ya masika yakishavunwa, kwenye Julai na Agosti, bei hushuka, na hapo Ngaramtoni siyo mbali na wewe, wala soko la Kilombero. Nunua gunia mbili au tatu yakiwa makavu kweli. Punje ukiing'ata ilie, isikubali jino. Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, kila moja uifunge peke yake na kuikaza. Hewa ikikosekana dumuzi hufa humo humo, huhitaji dawa. Usiifungue kila siku kuchungulia. Na kama mwenye nyumba anakubali, lipa kodi ya miezi sita mwezi wa Septemba. Ukifika mwezi wa nne huna deni na una unga, utashangaa jinsi lo-sizoni, huo msimu wa chini, ilivyo fupi.

Mengine ni madogo ila yanajumlika. Maharage loweka usiku, mkaa utapungua. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja ya LUKU, kwa hiyo piga pasi za wiki mara moja badala ya kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja. Mkasi uwe na msumari wake ukutani. Msumari, si droo.

Mkwe wangu na TV yake. Usiiguse. Ndoa zimeshaingia matatani kwa vitu vidogo kuliko hicho. Na tumtendee haki: mitambo ya analojia ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, lakini ukiipa king'amuzi TV ya chogo inaonyesha vizuri tu, kwa hiyo akisema ni nzima hadanganyi. Mpe ukuta mmoja wa stoo, kuanzia sakafuni mpaka dari, uwe wake: spea za Land Cruiser, mahema, taa, na hiyo TV. Usipange, usichague, usiulize. Ila kisichoenea kwenye ukuta wake atakitafutia pa kwenda yeye mwenyewe. Wanaume wengi niliowaona, wakipewa mpaka wao, wanaanza kupunguza wenyewe ndani ya miezi miwili, maana ile chogo inakula nafasi ya spea ambazo zina pesa. Siku akiamua, apeleke kwa fundi wa redio na TV. Watoto wasiipasue, kioo chake kina madini ya risasi.

Watoto. Utakosea kama utaleta Machame yote. Mimi nilikwenda shule peku mpaka darasa la nne, na funza walinitoboa vidole hadi leo ukucha wa kidole gumba cha kushoto hauoti sawa. Kulikuwa na usiku tulilala na uji tu. Sitamani mjukuu wangu aonje hayo ili ajue kubana matumizi. Lakini kuna kitu kimoja cha kule ambacho unaweza kukihamisha, nacho ni kazi. Vitu vyetu tulivijua kwa sababu tulivifanyia kazi: ulishona kifungo, ulisugua sufuria na majivu, ulibeba maji ukajua ndoo ina uzito gani. Mtoto wa miaka minane anaweza kushona kifungo. Anaweza kuosha viatu vyake Jumapili jioni. Midoli usimnyang'anye, mpe beseni moja (unazo sita), kinachojaa ndicho chake, na kipya kikiingia yeye ndiye wa kuchagua kinachokwenda kwa binamu. Mimi mjukuu wangu alitoa gari jipya akabaki na lililovunjika gurudumu. Nilitaka kumrekebisha, nikajizuia.

Limebaki sanduku. Nimeliacha mwisho, na wewe uliache mwisho, baada ya stoo na baada ya kabati. Tena usilifungue Sakina peke yako usiku watoto wamelala. Mmezaliwa sita, subiri Desemba, mlifungulie kwa mama, Machame, mchana. Mtakuta nini? Kanga ambazo hazijatoka kwenye karatasi, bila shaka. Vitambaa vya makochi alivyofuma mwenyewe. Risiti za ada zenu, pengine stakabadhi za kahawa. Hati yoyote ya kihamba au shamba msiigawane. Itoeni nakala, kila mmoja abaki na yake, ya asili iwe kwa mnayemwamini wote. Kanga gawaneni, lakini kwa sharti kwamba kila mtu ajifunge yake siku hiyo hiyo, kupikia. Najua utasema ni za kumbukumbu. Mama yangu aliacha kanga saba, nikazitunza kwenye naftalini miaka tisa, na nilipozifungua mbili zilikuwa zimekatika kwenye mikunjo, nikizishika zinaachia. Tano zilizobaki nazivaa. Moja ninayo kiunoni ninapokuandikia, ina doa la mchuzi na naijua ilikotoka kila uzi.

Sanduku lenyewe ni la bati, kama ya wakati ule yote? Likague chini. Kama kutu haijalitoboa, lioshe, likauke juani siku mbili, ulirudishe Arusha, uhifadhie unga. Panya hawezi bati.